Picha Haijakauka

Jumatatu, 4 Machi

Wifi amekuja. Mwenyewe, kwa miguu yake! Tangu tulipomzika mdogo wangu hatujaonana, na hata siku ile tulisalimiana kwa mbali kama watu waliokutana kituo cha polisi. Leo kapanda ngazi zote hizi akihema, mkononi ana mfuko wa nailoni umefungwa fundo.

Chai alikataa. Kiti alikataa. Akaweka mfuko mezani, akasema barua za Madoa, huyo mdogo wangu, ndizo hizi, zote alizomwandikia miaka ile alipokuwa kule mbali. Kuzitupa ameshindwa. Kuzisoma upya ameshindwa. Na mume aliye naye sasa hapendi kuziona kabatini, na mtu hawezi kumlaumu. Jumba la sanaa wanaandaa maonyesho ya picha zake, wanazitaka. Lakini mwandiko ule nani atausoma?

"Wewe ndiye uliyemfundisha kuandika," akasema. "Basi msomee."

Akashuka. Nilisikiliza viatu vyake hadi mlango wa chini ukajifunga.

Mfuko uko mezani. Sijaufungua. Nimekula nimesimama, kama kawaida siku hizi. Ukikaa mezani peke yako chakula kinakuwa kirefu mno.

Jumatano, 6 Machi

Simu kutoka jumba la sanaa. Msimamizi wao – kijana, sauti laini, kila sentensi inaanza na "mama". Anaomba nizipige chapa barua zote. Yeye atachagua zipi zibandikwe ukutani kando ya picha, na mambo yakienda vizuri kitatoka kitabu. Watu wanataka kujua, anasema, picha za Madoa zilitoka wapi.

Nikamwambia zilitoka kwenye makopo. Alicheka kwa adabu.

Nimekubali. Kwani nini? Maisha yangu yote ya kazi nimepiga taipu mahakamani. Ushahidi wa wezi, wa wajane, wa ndugu waliochomana visu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Vidole vinasoma, kichwa kimelala. Hubadilishi neno hata shahidi akisema upuuzi mtupu. Barua za mdogo wangu ndizo zitakazonishinda?

Nimewasha kompyuta aliyonitumia binti yangu. Nabonyeza vitufe kwa nguvu za taipu ya zamani, meza inatikisika, glasi inalia. Na mashine yenyewe haijui Kiswahili! Kila neno la Madoa inalipigia mstari mwekundu chini yake. Ukurasa mzima unavuja damu. Hivyo hivyo ndivyo daftari zake zilivyokuwa zikirudi kutoka shule, na mama akinitazama mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Tulimwita Madoa kwa sababu hakuwahi kuwa na nguo isiyo na doa. Jina la cheti lilipotea, hata mama akilitafuta ilibidi afikiri kwanza. Sasa hilo la utani limeandikwa kwenye bango la maonyesho kwa herufi kubwa: MADOA. Angecheka mpaka ashike mbavu.

Barua ya kwanza ni ya wiki aliyofika. Kapanga chumba juu ya karakana ya magodoro.

"Chini wanapiga usufi kuanzia asubuhi. Vumbi lake linapanda kwenye nyufa za mbao, linanasa kwenye rangi mbichi. Jana nimeshinda nikiling'oa kwa pini, uzi mmoja mmoja. Leo nimechoka nimeliacha. Sasa nina picha yenye manyoya! Mke wangu, usicheke. Imekuwa bora kuliko nilivyotaka. Ina baridi ya kweli."

Nilicheka kwa sauti. Halafu nikageuka kuangalia nani kasikia. Nani angesikia? Redio na pazia.

Riziki yake kule ilikuwa mabango ya maduka. Muuza viatu mmoja akamtaka achore kiatu kinachotabasamu. Akachora. "Mwenye duka kafurahi, kaniita fundi mkubwa. Mimi nilijifungia ndani kwa aibu. Mtu anaondoka kwao ili achore viatu vyenye meno? Lakini asubuhi nikapita tena pale, nikasimama upande wa pili wa barabara nikakitazama. Meno yale ni ya mjomba. Nilimchora mjomba bila kujua! Ndicho kitu pekee cha kweli nilichofanya mwezi huu, na kimening'inia juu ya mlango wa duka, kinapigwa na mvua."

Mjomba alikuwa na meno hayo kweli. Mawili ya mbele yalipishana kama watu waliogombana.

Nilikuwa na mengi zaidi ya kuandika hapa, lakini mkono umechoka.

Jumapili, 10 Machi

Binti yangu kapiga simu kutoka huko aliko. Kauliza kama nakula. Nikasema nakula. Kauliza kama natoka nje. Nikasema natoka. Mtandao ukakatika kabla hajaniuliza la tatu, na mimi nilikuwa nimelikalia tayari – nilitaka aniulize nafanya nini. Nikamngoja apige tena. Labda salio, labda mtoto kaamka.

Nimegundua kitu, na sijui kwa nini kimenijia nikiwa naosha kikombe. Hakuna tena mtu duniani wa kuniita dada. Naitwa mama, naitwa bibi, naitwa shangazi, dukani naitwa "mzazi". Dada alikuwa anajulikana na mtu mmoja tu, na mtu huyo katutoka.

Najitafuta kwenye barua. Aibu kusema, lakini ndivyo. Kila karatasi naipitisha macho upesi kwanza, kabla ya kupiga chapa, kuona kama nimo. Nimo – mwishoni, baada ya salamu za majirani. "Msalimie na dada, kama anapokea."

Kama anapokea!

Jumanne, 12 Machi

Leo barua ya jino. Naiweka hapa kwa sababu nimeipenda kuliko zote mpaka sasa.

"Jino limenishika. Nimelifunga shavu kwa kitambaa kama mzee wa hadithi. Siwezi kutazama rangi nyekundu, inanigonga jinoni. Njano pia. Basi nachanganya kijivu tu, siku nzima kijivu. Kumbe hakiko kimoja! Kuna kijivu cha maji yaliyooshea sufuria. Kuna kijivu cha kisigino. Kuna kijivu cha asubuhi kabla mtu hajamwambia mwenzake neno. Miaka yote hii nilikuwa nakidharau, nadhani ni rangi ya watu walioishiwa. Leo nimekaa nacho kama mgonjwa na mgonjwa mwenzake. Kesho nakwenda kuling'oa. Naogopa nikipona nitakisahau."

Sasa zile picha zake za kijivu, zile ambazo watu wenye kanzu ndefu na wenye suti wamesimama mbele yake wakitikisa vichwa – jino! Niliwahi kwenda kuziona mara moja, nyuma ya watu. Nilisikia bwana mmoja akimweleza mkewe kwamba msanii anaomboleza ubatili wa maisha. Na mimi nikaamini. Nikarudi nyumbani nikiwaza, huyu mtoto nani kamfanyia nini?

Nimeipeleka kwa barua pepe. Nimejifunza hata hilo.

Alhamisi, 14 Machi

Msimamizi kanirudishia barua ya jino. Bila jino.

Kakata juu, kakata chini, kaacha vijivu vitatu vinaelea katikati kama maneno ya mtu aliyekula akashiba. Nikampigia. Nilikuwa sijampigia mtu kwa hasira siku nyingi, nikajiona kama nakwenda mahakamani upande wa pili.

"Mama, wageni wanataka kumjua msanii. Siyo jino lake."

"Na jino lilikuwa la nani?"

Akaanza kunieleza, taratibu, kama unavyomweleza mtu wa umri wangu jinsi ya kutumia lifti. Kuna barua zinazohusu sanaa, na kuna zinazohusu maisha. Ya maisha ni ya familia, yaheshimiwe, yabaki ndani. Ya sanaa ni ya watu wote. Yeye anayatenganisha tu.

Nikamuuliza kijana, unatenganisha kwa kisu gani? Akasema, "Mama, tutaongea ukija."

Nimerudi mezani nimechangamka. Si kwa hasira. Nilikuwa nimesahau ladha ya kubishana na mtu.

Jumamosi, 16 Machi

Wifi tena. Safari hii kakaa. Kaleta machungwa. Alitaka kujua nimefika wapi, na alipouliza nikajua ana barua fulani moyoni.

Tukapekua pamoja. Kichwa chake na changu juu ya karatasi moja – nani angeamini? Kila mara alikuwa akiniambia "hii isome wewe", na mimi nasoma kwa sauti. Aligeuza uso dirishani. Nilipofika kwenye ile aliyomjibu kuhusu kurudi nyumbani, nilisoma kama ilivyo: "Unaniuliza nitarudi lini. Nikimaliza hii. Picha haijakauka."

Wifi akapiga paja. "Haijakauka! Miaka yote ile haijakauka! Nguo zangu zinakauka kwa nusu siku!"

Tukacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, mpaka akatoa leso. Halafu kicheko kikageuka, unajua kinavyogeuka chenyewe bila kukushauri. Akasema alikuwa haogopi mwanamke mwingine. Mwanamke angemfuata na kumvuta nywele. Lakini unamvutaje nywele ukuta? Mume wake alikuwa ameoa ukuta, na kila siku anaupaka rangi.

"Lakini aliandika," nikasema. "Angalia rundo hili. Mtu asiyekupenda haandiki hivi."

"Ndiyo," akasema. "Kwenye karatasi alikuwa mume mzuri sana."

Akaipata aliyokuwa akiitafuta. Karatasi moja, imechakaa kwenye mikunjo kuliko zote, ina alama ya mafuta pembeni. Hakunipa niisome. Akaikunja ndogo, akaisukumia ndani ya blauzi, upande wa kushoto.

"Hii siyo ya ukutani."

Sikuuliza. Miaka ya mahakamani ilinifundisha kutambua mtu anapomaliza kutoa ushahidi.

Mlangoni akageuka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshaifikia ile ya mama. Nikasema ya mama gani? Akasema basi, utaifikia. Akashuka.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Hakuna aliyebisha hodi. Sikufungua mfuko. Nilimenya chungwa moja la wifi, nikala nusu, nusu nikaifunika kwa sahani kama kuna mtu atakayerudi kutoka kazini aikute.

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda jumba la sanaa. Msimamizi ni mrefu kuliko sauti yake. Ana miwani inayoning'inia kwa kamba, na mikono misafi – niliiangalia mikono, siwezi kujizuia. Kanishika kiwiko kunivusha nyaya.

Ukumbi bado uchi. Picha zimeegemezwa chini, nyuso zimetazama ukuta kama watoto walioadhibiwa. Kwenye kuta, vipande vya maneno ya Madoa vimebandikwa kwa majaribio. Nikatembea nikivisoma kimoja kimoja. Upweke wa rangi. Heshima ya mwanga. Ukimya wa kijivu. Mdogo wangu yuko hapo – na hana tumbo. Hana meno. Hana mke anayemngoja. Hakuwahi kukwama msalani, hakuwahi kulilia soksi. Nilimtafuta nikamkosa. Kama angeingia pale mwenyewe angeuliza, huyu sheikh ni nani?

Nikamwambia msimamizi hivyo hivyo.

Hakukasirika. Kavua miwani, kasugua macho. Akasema baba yake alikuwa mpiga picha wa studio, akafa akiwa na hasira na kila mtu, na yeye angependa sana – ndivyo alivyosema, angependa sana – kama angeachiwa vipande vizuri tu. Vile vingine anavyo vya kutosha.

Sikulitegemea hilo. Tulisimama tu, watu wawili kati ya picha zilizotupa mgongo.

Mwishowe kasema, "Basi mama, jino libaki. Lakini ile ya kuharisha tuitoe, nakuomba."

Nikasema ya kuharisha itoke. Lakini kiatu kinachocheka kiwepo, na magodoro yawepo, na "picha haijakauka" iwepo kama mwenye barua atakubali. Akaandika yote. Akasema Jumatatu zinahitajika zote zilizobaki, wachapaji hawangoji.

Nikarudi kwa miguu. Mwendo mrefu. Nilikuwa natembea upesi kama mtu anayewahi kwenda kumweleza mwingine habari. Nikafika, nikafungua mlango, nikawasha taa.

Ijumaa, 22 Machi

Nimeifikia.

Ilikuwa chini kabisa ya mfuko, imejishikiza ndani ya bahasha ya nyingine. Tarehe yake ni wiki moja baada ya mazishi ya mama. Alikuja mama akiwa mahututi, akamzika, akaondoka kesho yake, na huko akamwandikia mkewe jambo ambalo hakuweza kulisema kwa mdomo wakiwa nyumba moja.

Kwanza niandike ninachokikumbuka mimi, kabla cha kwake hakijakifunika.

Mama alikuwa anakata roho. Chumba cha nyuma, kitanda kimesogezwa karibu na dirisha ili apate hewa. Mimi nilikuwa miguuni. Wifi alikuwa jikoni na wageni. Na Madoa kasimama kando ya dirisha, kichwa kakipinda upande, jicho moja kalifinya – kama mtu anayechagua kitambaa dukani! Mama yetu anavuta pumzi moja, anapumzika, anavuta nyingine, na huyu anampima. Hana hata tone la chozi. Nikamwambia toka. Nenda kachore huko nje. Akatoka. Mama akafa yeye akiwa uani.

Tangu siku hiyo tulikuwa watu wa hujambo sijambo. Aliporudi moja kwa moja, akawa na jina, akawa anahojiwa redioni, tulikutana kwenye arusi na misiba tukaongea mvua. Mpaka moyo wake ulipozimika ghafla mwezi wa tisa, mwaka juzi. Hayo ndiyo yangu.

Haya ni yake:

"Dada kanifukuza chumbani. Ana haki. Mama anaondoka, na mimi nilikuwa natazama mwanga wa dirisha ulivyopita katikati ya sikio lake. Sikio zima liliwaka, jekundu, unaona mpaka mishipa. Sijawahi kuona nyekundu ile. Nilijiambia lia, wewe mbwa, lia. Macho yakakataa, yalikuwa na kazi. Nimezaliwa hivi au nimejifanya hivi? Sijui. Kila kitu kinanifikia kwanza kama rangi, halafu baadaye, nikiwa peke yangu, kinanifikia kama kisu.

"Nimelia siku ya tatu. Nilikuwa duka la rangi, muuzaji akaniuliza nataka nyekundu gani. Nikashindwa kumjibu. Walinipa kiti.

"Sitaichora. Dada hangenisamehe, na mimi nisingejua kama namchora mama au nachora sikio. Lakini ninayo, haitoki. Na dada ninaye pia. Alikaa mwisho wa kitanda, kashika dole gumba la mguu wa mama, kama unavyomshika kidole mtoto anayejifunza kutembea. Alikuwa anaimba. Polepole sana, na hakujua kwamba anaimba. Mama alikuwa anamsikiliza. Niliona shingo yake ikigeuka kidogo kufuata sauti. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitazama dada aliponiambia toka."

Mwisho. Chini yake, kama kawaida: msalimie, kama anapokea.

Nilikuwa naimba?

Sikumbuki. Nakumbuka shuka lilivyokuwa, nakumbuka nzi, nakumbuka mlango wa jikoni ukigonga. Wimbo sikumbuki. Nimekaa hapa tangu mchana najaribu. Nilikuwa naimba nini?

Hakuandika. Mtu aliyeona hata mishipa ya sikio, hakuandika wimbo gani! Kwake ulikuwa kitu cha kuona.

Jumamosi, 23 Machi

Nimempigia wifi. Nikamwambia nimeifikia. Akasema, pole. Nasikia sufuria zake nyuma, na mume wake wa sasa anakohoa.

Nikamuuliza kama siku ile, akiwa jikoni, alinisikia nikiimba. Akafikiri kweli, hakunijibu ovyo. Akasema kulikuwa na watu wengi, vyombo, watoto. Hakumbuki. "Mimi nilidhani Madoa kakosea. Wewe na kuimba wapi na wapi?"

Ndiyo. Mimi na kuimba wapi na wapi.

Nikamuuliza kwa nini hakunionyesha barua ile miaka yote. Sikuuliza kwa ukali. Akasema alikuwa anangoja nimuulize habari za Madoa hata mara moja. Kisha akasema, haraka haraka, kwamba yeye mwenyewe ilimuuma: mumewe kaandika karatasi nzima, dada, mama, sikio, dole gumba – naye alikuwa nyumba hiyo hiyo akichemsha maji, na hakuonekana popote.

Tukakaa na simu masikioni, kila mmoja kwake.

Jumapili, 24 Machi

Nimejaribu nyimbo zote alizokuwa nazo mama. Za kufulia, za kulaza watoto, hata ile ya kipuuzi ya kuwafukuza kunguru. Nilikaa mwisho wa kitanda changu, nikashika ukingo wa ubao. Hakuna hata mmoja uliokubali. Mdomo ukijua unatazamwa unakauka.

Ajabu yake ni hii. Nilikuwa pale na moyo wangu wote na sina wimbo. Yeye alikuwa pale na macho tu – ndivyo nilivyodhani – na ameutunza mpaka leo. Siyo sauti yake, lakini kwamba ulikuwepo. Na kwamba mama aligeuza shingo. Hilo mimi nisingelijua mpaka kaburini! Nilikuwa nimeangalia mguu.

Sasa: ukutani au siyo ukutani?

Nikiipeleka, watu watasimama mbele yake na vikombe vyao vya vinywaji. Watamsoma mama yangu akikata roho, watasema, loo, nyekundu! Bwana yule atamweleza mkewe. Nisipoipeleka, basi mimi ndiye mwenye kisu. Msimamizi kakata tumbo, wifi kaondoka na yake kifuani, na mimi nakata hii. Kitabaki nini? Vijivu vitatu.

Na mimi ndiye niliyempigia kelele kijana wa watu kwa ajili ya jino!

Kompyuta iko wazi. Nimepiga chapa mpaka "Walinipa kiti." Hapo nikasimama. Nimekwenda kufagia ngazi, ambazo si zamu yangu.

Jumatatu, 25 Machi

Nilidhani watamtuma dereva. Kaja msimamizi mwenyewe. Kapanda ngazi, kabisha hodi kwa vidole viwili. Kasema ameona si adabu kumtuma mtu kwa jambo kama hili, na pia – akatabasamu – alitaka kuona mahali ninapoishi na jino.

Nimemkaribisha kiti cha dirishani. Hakuna aliyekikalia tangu binti yangu alipokuja mara ya mwisho. Rundo lilikuwa tayari, limefungwa kwa utepe. Nikamwambia zote zimo humo. Nilisema "zote". Nikaenda jikoni kuteleka chai.

Nilirudi na vikombe, nikamkuta kasimama mezani. Miwani usoni. Karatasi ya mama ilikuwa kando ya kompyuta, sikuifunika – mjinga mimi, au sikutaka kuifunika, sijui. Anaipindua huku na huku kwenye mwanga. Mwandiko unamshinda, ananasa neno moja moja: dada… dirisha… Sikuwahi kushukuru mwandiko mbaya hivi.

"Hii haimo kwenye rundo, mama?"

Nikasema bado sijaimaliza. Ni kweli, bado. Nikaweka vikombe chini. Nikavuta daftari hili nikajifanya naandika jambo la haraka, na kumbe ndiyo naliandika, hili hili.

Hajakaa. Kaiinamia karatasi kama mtu anayetafuta sindano. Kapita mstari wa sikio, kapita duka la rangi, kafika karibu na mwisho, na hapo kasimama. Kaweka kidole chake kisafi chini ya neno.

"Na hapa," anauliza, "hapa dada alikuwa anafanya nini?"

Chai inapoa. Kidole hakijatoka pale. Nikifumba mdomo hatajua kamwe, maana wifi hatamsomea, na mwingine hayupo.

Nimesema ngoja. Nimesema, ngoja kidogo, mwanangu, niweke kalamu nikusomee